Evarista Kikoti na Ulanzi wa Kijiji

Evarista Kikoti huimba sauti ya pili katika kwaya ya Kilutheri, na ibada ikiisha huwauzia ulanzi, pombe ya mianzi, watu wale wale alioimba nao. Mchungaji aliwahi kumuuliza kama haoni tatizo hapo. Akajibu kwamba mianzi kaiotesha Mungu. Yeye kazi yake ni kukata ncha na kukinga kinachodondoka.

Kijijini kwao, huko juu Kilolo, nyumba isiyo na mianzi ni ya mwalimu mgeni. Mvua zikishika watu hugema asubuhi na jioni. Ulanzi wa leo ni mtamu kama soda; wa keshokutwa unamlaza mtu mtaroni na viatu vyake. Wagemaji walikuwa na kikundi, na mwenyekiti wao alikuwa mzee Bartholomeo, ambaye babu yake alikuwa jumbe, au alimbebea jumbe kiti, inategemea unamuuliza nani.

Mwaka juzi ikaja kampuni kutoka Dar, ikitaka kuutia ulanzi kwenye chupa. Msemaji wao, kijana nadhifu aitwaye Crispin, aliwakusanya watu darasani akawaonyesha picha itakayobandikwa kwenye chupa: mzee kavaa ngozi, kashika mkuki.

"Huyu nani?" Evarista akauliza.

"Ni alama ya utamaduni wenu, mama."

"Mbona hana suruali? Huku kuna baridi."

Darasa zima likacheka. Crispin naye akacheka kidogo, kisha akasema kwamba kuanzia siku ile kampuni na kijiji ni familia moja.

"Vizuri," Evarista akasema. "Jumamosi tuna msiba. Mtaleta nini, mchele au kuni?"

Crispin akaitazama simu yake. Katika kuulizana ikajulikana kwamba familia ilikuwa imeshaundwa kimyakimya: Bartholomeo alikwisha kuahidi kwamba kikundi hakitamuuzia mtu mwingine ulanzi, naye akapewa kofia na cheo cha balozi wa kampuni.

"Nilitumia busara," mzee akajitetea.

"Umeitumia yote, baba. Haikubaki hata ya akiba."

Kabla jua halijazama kampuni ilikuwa imeondoka bila mkataba, na kikundi kilikuwa na mwenyekiti mpya, ambaye kosa lake lilikuwa kuongea sana.

Sasa Evarista alikuwa na cheo, akaona ni lazima afanye jambo. Akaosha chupa za maji, akazijaza ulanzi mwenyewe, akafunga vifuniko kwa nguvu zote za mkulima wa viazi, akazipeleka kanisani siku ya mavuno ili zipigwe mnada. Ulanzi haujui ibada, uliendelea kuchacha. Mchungaji alipofumba macho kuombea mazao, chupa ya kwanza ikalipuka, zikafuata nyingine. Joho la mchungaji likalowa, kwaya ikaingia chini ya mabenchi, na Bartholomeo akatamka "Amina" kwa sauti ambayo haijawahi kumtoka tena.

Evarista alikwenda nyuma ya kanisa akalia. Huko ndiko alikomkuta mwanamke mmoja akikamua blauzi yake na kucheka hadi anakosa pumzi. Alikuwa Mercy, Mnyakyusa aliyekuja kumsindikiza shangazi yake. Yeye alikuwa na kiwanda kidogo cha juisi Iyunga, Mbeya.

"Unanicheka?"

"Nisamehe, mama. Hata mimi maembe yangu yaliwahi kupasua dirisha. Ulanzi inabidi upashwe moto ili uache kuchacha. Mashine ninazo. Ulanzi sina."

Evarista alikasirika, akalala na hasira yake, halafu akapanda basi kwenda Mbeya. Walibishana kwa muda mrefu kuliko safari yenyewe. Mercy alitaka kununua tu na kuondoka. Evarista alitaka kikundi kiwe mwenye mali pamoja naye, nusu kwa nusu, na Mercy afike kijijini kwenye misiba, si kwenye mapato tu. Mercy akakubali, akaweka sharti lake: atakayechakachua ulanzi kwa maji atatolewa kikundini msimu mzima, hata awe nani.

"Hata awe nani," Evarista akaitikia, akiwafikiria majirani zake fulani.

Msimu ulipoanza, Mercy akapiga simu. Dumu moja lilikuwa jepesi kama chai ya hospitali. Lilikuwa na alama ya Saulo. Saulo ni mume wa Evarista.

Mkutano ulijaa, hata wasiokunywa walikuja. Saulo akasimama, kofia mkononi.

"Mama Goodness, mbona Yesu mwenyewe alitumia maji kule Kana?"

"Yesu aligeuza maji yakawa divai, baba Goodness. Wewe umegeuza ulanzi ukawa maji. Hiyo miujiza ya kurudi nyuma hatuihitaji."

Watu wakacheka. Lakini Evarista alijua kwamba angemwachia mumewe, kesho yake kila dumu lingekuja na mto Ruaha ndani. Akamtoa. Nyumbani Saulo alikula chakula chake bila kusema neno hadi mvua zikakatika, na Evarista, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alijifunza kula kimya naye.

Ulanzi wao sasa unauzwa Iringa mjini na Mbeya. Mzigo mmoja ulichacha njiani ukamwagwa. Mercy amekuja misibani, na ugali wake bado unasemwa. Bartholomeo ndiye anayepokea wageni, kwa sababu anapenda kusimama na kikundi kinapenda kukaa.

Msimu uliofuata, wanachama walipiga kura kumrudisha Saulo. Akarudi kwa kishindo. Aliyemkataa alikuwa mmoja tu. Saulo hakuhitaji kuuliza ni nani, maana ilikuwa kura ya kunyoosha mikono, na yeye na mkewe walikaa benchi moja.