Mhina wa Mlangoni

Mwaka ule ziwa lilipofungwa watu wasivue, Ujiji tulikula ugali wa muhogo kwa maharage mpaka paka wangu naye akayala, tena kwa hasira. Ndio mwaka mawaridi yangu yalipokufa.

Mawaridi yale niliyanywesha maji ya kuoshea dagaa, miaka na miaka. Yalinuka, jirani alilalamika, lakini maua yalitoka makubwa kama ngumi ya mtoto. Basi dagaa wakakosekana, bomba nalo likawa linatoa pumzi tu. Kiangazi kikayamaliza, shina moja moja.

Sikulilia maua. Nililia kisingizio changu. Binti yangu ni mtumishi wa serikali, yuko Dodoma. Tangu baba yake afariki, kila likizo wimbo ni huo: "Mama, funga mizigo twende." Nami jibu langu lilikuwa moja: "Na mawaridi yangu atayamwagilia nani?" Anacheka, anapanda gari.

Mwaka ule alikuja na binti yake mkubwa. Akavitazama vile vijiti vikavu. Asubuhi akaenda mtaa wa Kasingirima, akarudi na mche wa mhina kwenye kopo la maziwa. Akachimba shimo mwenyewe pembeni ya mlango, na kucha zake zile za ofisini.

"Huu haudekezwi, Mama. Ukishashika, jua liwake miezi, majani ni yale yale ya kijani. Hata ukiwa mbali."

Lile "mbali" nililisikia. Mjukuu akanipiga bega. "Mke mwenzangu, leo umepatikana! Kisingizio kimekwisha."

"Nyamaza wewe. Mume mwenyewe ulimkuta hana meno, wivu unautoa wapi?"

Tukacheka sisi wawili. Binti yangu hakucheka. Alikuwa anafuta udongo mikononi, machozi yanamlenga.

"Naogopa, Mama. Utaanguka humu peke yako, mimi nitapigiwa simu."

Hapo nikaona haya. Kumbe miaka yote nilimficha mtoto wangu ukweli nyuma ya maua. Nikamkalisha mkekani nikamwambia ukweli.

"Siendi, mwanangu. Kwako nitapikiwa, hapa napika."

Maana kwake nilishakaa wiki mbili. Chai naletewa, sahani naondolewa, nikishika ufagio dada wa kazi ananipokonya. Nilirudi miguu imevimba kwa kukaa. Hapa nikikohoa mara mbili, jirani yuko dirishani. Jirani yule yule wa harufu.

Binti yangu aliondoka amenuna. Mhina ukashika. Sasa umenipita kimo, na dagaa waliporudi maji yao nikaumwagia, ingawa haudai.

Juzi mjukuu aliolewa. Nilichuma majani, nikayaanika, nikatwanga na kuchekecha mwenyewe, nikakanda kwa ndimu na chai ya rangi. Miguu ya bibi harusi ilikolea mpaka wakwe wakauliza hina hii imetoka wapi. Wakaonyeshwa mlango wangu.

Mama wa bibi harusi naye nilimpaka, viganja vyote viwili. Hina bado mbichi, njaa ikamshika, mikono hawezi kugusa kitu. Nikavuta sahani. Nikamega tonge, nikachovya kwenye mchuzi wa samaki wa migebuka wenye mawese, nikamtia kinywani mtumishi wa serikali mzima.

Akatafuna, akinitazama. "Mama," akasema, tonge bado shavuni, "twende."

Nikamega jingine.

"Siendi, mwanangu. Kwako nitapikiwa, hapa napika."