Sahani ya Mama Yenye Maua

Mama alipoanza kutoka malengelenge mdomoni, nilisema ni joto. Yalipofuata macho mekundu, nikajifanya daktari kabisa. Mtaani kwetu Ng'ambo maradhi ya macho yalikuwa yamezagaa, basi nikahukumu: kayapata na yeye, atatuambukiza sote. Nikanunua dawa ya matone, nikarudi kifua mbele.

Ilikuwa Ramadhani. Kwetu futari huliwa sinia moja, na mama mwenyewe ndiye aliyetuzowesha hivyo. Magharibi ile nikampakulia muhogo wake mbali, kwenye sahani ya bati yenye maua, nikamweka mwisho wa mkeka. Wanangu wakanitazama. "Msimsogelee bibi yenu!" nikawafokea. Mama akaiangalia sahani, akasema Bismillahi, akala. Toba yarabi, hata haya sikuona.

Akawa ananambia, "Mwanangu, nnahisi mchanga machoni." Nami namjibu kwa ukali, "Basi usiyafikiche!" Ramadhani ikaisha, miezi miwili, mfunguo mosi na mfunguo pili, ikapita, sahani ni ile ile. Nilimpeleka hospitali mwanzo wa mfunguo tatu, aliposhindwa kunitambua mlangoni mpaka nilipomwamkia.

Daktari akauvuta ukope wa chini, ukagoma. Kovu lilikuwa limeugandisha na jicho. Nywele za ukope zimegeukia ndani, zinakwaruza jicho kila akipepesa. "Haya hayaambukizi kabisa," akasema. Ni maradhi ya nadra, kinga ya mwili inaishambulia ngozi laini ya mdomoni na machoni. Dawa zitayazuia yasizidi, lakini kilichokwisha kuharibika hakirudi. "Mbona mmechelewa hivi?"

Mama akanitangulia: "Ni mimi, daktari. Mwanangu kanihimiza sana, mimi nkakataa." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alinisitiri mbele ya mgeni, mimi niliyemwaibisha mbele ya wajukuu zake.

Sikukuu ya kuchinja ilipofika, mwezi ule ule, nilipika pilau, nikaweka sinia katikati. Sahani ile nshaitupa jaani. Nikamkalisha mama baina ya wanangu, nikauongoza mkono wake mpaka kwenye ukingo wa sinia. Akaupapasa, akaujua. Hapo mwanangu mdogo akajivuta nyuma kidogo. Nikamkata jicho, lakini mama alishamsikia.

Akaurudisha mkono mapajani.

"Mama, daktari si kasema hayaambukizi?"

"Nilimsikia, mwanangu. Lakini watoto wananiogopa. Nipakulie kwenye sahani yangu."