Zeze la Mzee Njeru na Ile "Ptu!"

Mimi ni mwalimu wa kwaya mtaa wa Dallas, Embu, na masikio yangu nilikuwa nikiyasifu mwenyewe. Mzee Njeru wa Gachoka alinirekodia zeze lake kwa simu, nami nikaushika wimbo kwa sikio tu, pigo kwa pigo. Kila baada ya mistari mitatu alifanya "ptu!" Nikasema, hee, mila ndiyo hii! Nikafundisha kwaya nzima.

Jumapili ya mavuno, kanisani, nilipiga zeze nikiwa nimefumba macho. Tulipomaliza mstari wa tatu, akina mama wote wakatema kwa pamoja: ptu! Nilipofumbua macho, Pasta alikuwa akipangusa kiatu. Mzee Njeru, niliyemwalika makusudi aje ajivunie, akainuka polepole.

"Mwalimu," akasema, "mimi hapo nilikuwa natafuna muguka, natema majani yake. Sasa nyinyi mnatema nini madhabahuni?"