Kipandio cha Daktari Mfupi

Ilikuwa mwaka wa sabini na moja. Hapana, sabini na mbili, maana karakana ya hospitali ilikuwa imeshapata mlango mpya, na ndio huo daktari alioupigia hodi.

"Fundi, nitengenezee cha kupanda. Meza ya upasuaji inanifika kifuani."

Fundi seremala alimtazama kuanzia utosini mpaka miguuni, safari isiyokuwa ndefu. Kumbe ndiye yule mwanamke wa kwanza kuja pale kuwa daktari wa upasuaji! Miezi minane amekuwa akiwashikia wenzake mikasi tu. Kesho ndipo angepewa kisu mwenyewe, amtoe mama mmoja uvimbe wa shingo.

"Nikuinue kiasi gani, mama?"

"Kiganja na nusu. Ukizidisha watu hawatanijua."

Mchana kipandio kilikuwa tayari, kimetulia kwenye sakafu ya karakana utadhani kimeota pale. Saa kumi kikarudishwa mbio. Kinacheza! Na mganga mkuu ameshatamka: asiyesimama imara hashiki kisu, kesho atapasua yeye mkuu mwenyewe.

Fundi aliona aibu mpaka masikioni. Akakipima upya, hakina kasoro.

"Kosa liko kwenu huko ndani," alimwambia sista wa chumba cha upasuaji.

"Kwetu haliingii vumbi la mbao, baba."

"Basi nitaingia mimi, vumbi libaki."

Daktari mwenyewe akamvisha kofia, joho na viatu vya mpira. Fundi akapiga magoti, akalaza pimamaji sakafuni, akaangua kicheko. Sakafu iliteremka kuelekea tundu la kutolea maji! Miaka kumi na tisa yuko hospitali ile, hakuna aliyewahi kumwambia. Akarudi karakana, akapunguza miguu miwili, kidogo kidogo, mpaka akaridhika.

Asubuhi daktari alisimama juu ya kipandio saa tatu nzima bila kutikisika, na yule mama akapona.

Alikipanda miaka ishirini na minne. Akafundisha wasichana kumi na mmoja kazi ile, wengine warefu kama milingoti, na kila akikutana na fundi uani humtania: "Shikamoo fundi, miguu yangu haijambo?"

Fundi alistaafu moyo wake mweupe. Ila kuna jambo moja aliwauliza madaktari karibu wote, nao wakacheka, wakapita zao: wale warefu waliotangulia, miaka yote ile, hawakuhisi kwamba wamesimama mteremkoni?