Mama Mkwe Niliyemuua Alhamisi

Mama mkwe wa kwenye hadithi yangu nilimtengeneza achukiwe. Nilimpa ulimi mkali, nikampa jicho la kuhesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya mke wa mwanawe, na kila jioni nikamwingiza jikoni kwa watu kufunua masufuria.

Hadithi yenyewe nilikuwa nairekodi kwa simu dukani kwangu Kariakoo, katikati ya zipu na vifungo, wateja wakipungua. Kila Alhamisi niliitupia kwenye kundi la wanawake wa mtaa wetu: wauza kanga, wauza mashuka, mafundi cherehani. Walikuwa wakiifungulia kwa spika mpaka wapita njia wanasimama.

Sikumtoa mbali. Mama mzaa mume wangu alikuwa amekuja kutoka Lindi kutibiwa, na mume wangu, mtoto wake wa pekee, akamwomba abaki nasi moja kwa moja. Alikubali kwa sharti moja, kwamba siku atakayojiona mzigo anarudi kwao na asifuatwe. Mume wangu alinieleza sharti hilo akinitazama mimi machoni. Nampenda mume wangu, na sikutaka mama yake aondoke kwangu na kinyongo. Lakini yule mama alikuwa anafunua masufuria yangu. Anafunua, ananusa, anafunika, hasemi neno. Bora angesema chumvi imezidi tukajua moja. Adabu ilinikataza kumjibu, basi nikamjibu kwenye hadithi.

Mambo yaliharibika kwenye ukoko. Nilisimulia kwamba watu walipomaliza kula, mama mkwe alibaki jikoni na sufuria ya wali, akakwangua ukoko peke yake mpaka kijiko kikalia. Nilitaka wacheke ulafi wake. Kundi zima likaninunia. Fundi cherehani jirani yangu akauliza kwa nini mama wa watu amebakishiwa ukoko, kwani wali wenyewe ulikwenda wapi? Muuza kanga wa mkabala akasema mlio wa kile kijiko umemkosesha raha, amemkumbuka mama yake. Nikaongeza ukali. Nikamfanya amsengenye mke wa mwanawe kwa majirani. Wakasema ni upweke. Nikamfanya afiche sukari. Wakasema amezoea maisha ya kubana, asilaumiwe. Nilikasirika kweli. Mtu nimemtunga mwenyewe kichwani mwangu, halafu watu wananifundisha tabia zake.

Nikaona dawa ni kumuua.

Alhamisi hiyo nilikuwa na mafua makali. Nilirekodi kifo chake sauti inakatika, pua imeziba, nameza mate kila sentensi, kisha nikaenda kulala. Kesho yake sikufungua duka. Sasa chukulia wewe ni muuza kanga wa mtaani kwetu, siku zote unajua hadithi hii inatoka nyumbani kwangu, umesikia sauti ile, na asubuhi umekuta duka lina kufuli. Walichofikiri ni kwamba mama mkwe wangu amefariki kweli, nami nimeshindwa kulitamka waziwazi.

Baada ya swala ya Ijumaa wakaja kuhani. Tunakaa ghorofa ya tatu, na kutoka kitandani nilisikia kandambili nyingi zikipanda ngazi. Mama mkwe ndiye aliyefungua mlango. Akawakuta wamejitanda kanga, mmoja na ndoo ya mchele, mwingine na mfuko wa sukari, fundi cherehani macho mekundu tayari. Akawauliza msiba wa nani. Muuza kanga akamshika mikono yote miwili.

"Shikamoo mama," akasema. "Kumbe upo." Akaanza kulia upya.

"Marahaba. Nipo. Ingieni basi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilipofika sebuleni, shuka mabegani, kila kitu kilikuwa kinamwagwa, huyu akimalizia maneno ya yule: hadithi, masufuria, ukoko, kifo. Mimi nilikuwa nawaza begi la bluu la mama mkwe, lililokuwa juu ya kabati chumbani kwake. Mume wangu angerudi jioni kutoka kazini Posta, akute kile chumba kitupu, nimwambie nini?

Mama mkwe aliwasikiliza mpaka mwisho. Akauliza yule mama alikufa kwa ugonjwa gani. Wakasema sikutaja. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa kitambaa kifupi, kisha akanigeukia.

"Nimepika tangu mwanangu hajaota meno mpaka nikamwoza," alisema. "Hapa kwako sijaachiwa hata kuosha mchele. Nafunua sufuria nione kama bado najua."

Na mimi nilidhani namheshimu. Mama mkwe akija kwako humshikishi mwiko, watu watasema umemfanya mtumishi. Ndivyo nilivyolelewa, na sikuwahi kuwaza kwamba heshima hiyo ilikuwa inamfukuza. Machozi yalinitoka, na safari hii hayakuwa ya mafua.

Wageni wakaanza kuinuka kwa aibu, wanatafuta ndoo yao. Mama mkwe akawakalisha. Mchele ukishaingia nyumbani hautoki, akasema, kisha akaninyooshea mkono. Nikamletea mwiko kutoka jikoni. Fundi cherehani alipewa mbuzi akune nazi. Mimi nilizuiwa kukanyaga tena jikoni na mafua yangu, nikabaki kwenye kochi nasikia wanavyocheka kule ndani, na najua waliyekuwa wakimsema ni mimi. Wali wake ulitoka vizuri kuliko wangu. Sipendi kulisema, lakini ndivyo.

Alipopakua, ukoko aliujaza kwenye sahani yake mwenyewe, akasema huu anautaka, wala hakubakishiwa na mtu. Akaniagiza Alhamisi nimfufue mwenzake. Nikamwambia ameshazikwa. Akasema hilo ni langu, yeye kazi yake kupika.

Siku niliyorudi dukani nilifika nyumbani jioni na njaa. Mama mkwe alikuwa jikoni, na begi la bluu lilikuwa limeshushwa, amelitia vitunguu. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye sufuria yake. Nikafunua, nikanusa, nikataka kufunika.

"Onja kabisa, mwanangu," akasema.