Ungo wa Chuma

Kabla kile chuma hakijaanguka, watoto wa kijiji walikuwa wananiamkia. Wakitoka shule hupita mbele ya nyumba yangu, wanashusha madumu ya maji, "Shikamoo mama," nami naitika marahaba bila kuinua macho kwenye kazi yangu. Sikujua kwamba hicho nacho ni kitu cha mtu kunyang'anywa.

Mimi ni mzaliwa wa Kilimatinde, kule juu mlimani. Kaka zangu walipelekwa shule ya misheni, mimi nikapewa mbuzi nichunge, maana baba alisema msichana ni wa watu wengine. Hao watu wengine walipatikana mapema. Nikaolewa na Laurenti, nikapanda treni Manyoni nikashuka Itigi, kisha tukashika njia ya Rungwa mpaka kijiji hiki kilichobanwa na vichaka pande zote. Mama yangu alinipa ungo aliousuka mwenyewe. Ndio mzigo pekee nilioushika mkononi siku ile, mingine ilibebwa.

Laurenti alikuwa mtu mwema. Sikumzalia, naye hakuoa mwingine. Ndugu zake hawakunisamehe hilo. "Amemfunga," walisema, kana kwamba mume ni ndama. Akaugua tumbo, akafa msimu wa asali, mizinga ikiwa imejaa. Msibani wifi yangu Elina hakutazama kaburi, alinitazama mimi. Shemeji yangu Damiani yeye alitazama shamba. Shamba liko bondeni, udongo mweusi unaoshika maji hata mvua ikikatika mapema. Laurenti alilifyeka kwa panga lake, nami nilikuwa na panga la pili.

Nikabaki nalo peke yangu, uwele upande mmoja, alizeti upande mwingine. Damiani alikuja mara kwa mara kuniuliza kama sijachoka.

"Sijachoka, shemeji."

"Mwanamke mmoja, shamba lote hili?"

"Mbona jembe halilalamiki?"

Ndipo ikafika Jumapili ile, wakati wa kuvuna alizeti. Mbingu zilikuwa nyeupe, hakuna hata wingu, na radi ikapiga. Mbuzi wakakata kamba. Kisha nikasikia kitu kinakuja kwa kelele ya kitambaa kinachochanwa, na ardhi ikaruka chini ya miguu yangu. Nilipoinuka nikaona vumbi na moshi katikati ya alizeti zangu. Nikasogea. Lilikuwa duara la chuma, pana, mtu mzima angeweza kujikunja humo akalala, lina ukingo uliopindwa kuzunguka pande zote. Lilikuwa la moto, mabua yaliyoligusa yalikuwa yanaungua.

Watu walifika kabla vumbi halijatua. Elina alikuwa wa mbele. Akalitazama lile duara, akanitazama mimi, akaweka mikono kichwani.

"Ungo! Jamani, ungo wa Loyce umekosa njia!"

Kila mtu wa kwetu anajua wachawi husafiri kwa ungo. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya maelezo. Wengine walikimbia, wengine walicheka ule mcheko wa woga.

"Mama Loyce, jana ulikwenda wapi?"

"Muulizeni kama una breki!"

"Na abiria wameshukia wapi?"

Wakarundika kuni juu ya kile chuma ili wakiunguze, maana ungo wa mchawi ukiungua na mwenyewe huisha nguvu. Kuni zikaisha, chuma kikabaki vilevile. Hapo woga ukawashika kwelikweli. Damiani akasema, "Kama huu hauungui, utaungua mwenzake." Akaingia jikoni kwangu akatoka na ungo wa mama yangu. Huo uliungua upesi. Ulikuwa mkavu, umepepeta miaka mingi.

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Idrissa, alisema mkutano utakuwa Ijumaa baada ya swala, na huko itaamuliwa kama nikae au niondoke. Damiani akanisogelea, akazungumza kwa upole.

"Shemeji, funga mizigo mapema. Nakuonea huruma."

Sikufunga kitu. Nilikwenda Itigi kwa Mzee Mahendra.

Huyu alikuwa mnunuzi wa asali na nta yetu tangu Laurenti yu hai. Nilimkuta nyuma ya mizani, duka halina mtu. Mkewe, Mama Jasumati, alikuwa ameshafariki, mwanawe Jatin anaishi Dar es Salaam, na wateja wamehamia maduka mapya ya stendi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea atasema pole na kunipa soda. Badala yake aliinuka.

"Kina ukingo uliopindwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na moto hauli?"

"Hauli."

Akatabasamu. Sikuwa nimeona tabasamu lake tangu msiba wa mkewe. "Mama, kimetoka juu kweli. Lakini hakuna aliyekipanda."

Akanivutia kigoda. Alisema alipokuwa mvulana baba yake alikuwa na redio kubwa palepale kaunta, na siku watu walipokanyaga mwezi duka lilijaa wafanyakazi wa reli mpaka nje. Mmoja akapiga kelele, "Uongo! Huko juu wanashika nini?" Watu wakacheka, lakini yeye Mahendra hakucheka, na tangu siku ile hakuna chombo kilichorushwa asichokifuatilia. Picha alizokata magazetini zilikuwa zimebandikwa juu ya rafu ya sukari. Miaka yote nimenunua sukari pale, nilidhani ni miungu yao Wahindi.

"Roketi," alisema, "ni kama mtu anayesafiri mbali na mizigo. Kila akichoka anatupa mmoja. Mingi inaungua hewani, mingine inaanguka baharini. Michache inafika chini mizima. Mwaka sabini na tisa nyumba nzima ya Wamarekani, waliyokuwa wakiishi huko angani, ilianguka, vipande vikatawanyika Australia. Hakuna bibi wa Australia aliyefukuzwa kwake."

Akanionyesha picha ya mpira wenye miiba mirefu, ule wa Warusi uliotangulia kuliko vyote. Akanionyesha mbwa jike aliyefungwa mikanda.

"Huyu alirudi?"

"Hapana."

"Walijua hatarudi?"

"Walijua. Walimwokota mtaani, Moscow. Hakuwa na mwenyewe."

Niliitazama ile picha kwa muda mrefu. Masikio yake yalikuwa yamesimama, anasikiliza. Nilimjua.

"Na huyu mwanamke?"

"Huyu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Alizunguka dunia huko juu peke yake, siku karibu tatu."

"Aliporudi walimwita mchawi?"

"Walimpa nishani."

"Basi kumbe inategemea unaanguka kijiji gani," nikasema, naye akacheka mpaka akakohoa.

Akapiga simu wilayani mbele yangu, akaeleza, akapiga tena. Nilipoaga akasema, "Ijumaa nitakuja. Mguu unauma, lakini nitakuja."

Alikuja kwa bodaboda, shati limepigwa pasi, fimbo mkononi. Watu walikuwa wamejaa uwanja wa shule. Kijana mmoja akamtania, "Mzee, umeleta mizani upime uchawi?"

"Nimekuja kukupima wewe," alijibu Mahendra. "Tangu utoto wako ulikuwa mwepesi."

Uwanja ukacheka, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilihisi naweza kuvuta pumzi. Akasimama akaeleza kama alivyonieleza mimi, mizigo ya msafiri, nyumba ya Australia, yote. Elina akauliza kwa sauti amehongwa asali kiasi gani. Kabla hajajibiwa, gari la serikali likaingia. Waliokuwamo walikuwa tayari wamepita shambani. Mtaalamu wao, binti mdogo mwenye buti, akasema wazi mbele ya wote kwamba kile ni kipande cha roketi, kwamba hakina sumu, kwamba watakichukua, na kwamba hakuna mwanakijiji yeyote anayehusika.

Bwana Idrissa akapiga meza. "Mmesikia. Mama Loyce anabaki kwake. Shauri limekwisha."

Nikamtazama Damiani. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamngoja aseme neno, hata pole ya ungo. Mtu mwingine ndiye aliyesimama, mzee Fredrick, baba mdogo wa marehemu mume wangu, mtu ambaye hakuwahi kunitukana hata siku moja. Alivua kofia kwa heshima.

"Mwanangu mtaalamu, nimekuelewa. Ni chuma cha Wazungu. Lakini vichaka vyote hivi, toka hapa mpaka Rungwa, hakuna mtu. Mbona kimeanguka kwake?"

Yule binti alifungua mdomo. "Ni bahati tu, babu."

"Ahaa," alisema mzee Fredrick, akavaa kofia yake. "Bahati."

Nikasikia lile neno likipita katikati ya watu, kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na kila lilipopita, watu waliinamisha vichwa kama waliopata jibu. Gari likaondoka na chuma. Shamba nililolipigania likabaki langu, na hakuna aliyelikaribia tena. Hata Damiani hakuja kuuliza kama nimechoka. Visimani wanawake walikuwa wananiachia zamu ili niondoke upesi. Watoto walianza kupita nyuma ya nyumba, kwenye miiba.

Niliendelea kupepeta uwele kwa beseni. Beseni halipepeti. Makapi yanakurudia usoni. Kuazima sikuweza, nani angenipa ungo wake mimi?

Mwaka uliofuata Jatin alikuja kumchukua baba yake. Nilikwenda kumuaga. Rafu zilikuwa tupu, picha zimebanduliwa, ukuta umebaki na alama nyeupe zilipokuwa.

"Mzee, nilitaka kukuuliza. Kwa nini kwangu?"

Hakuniambia bahati. Hilo nitalikumbuka. Alisema, "Sijui, mama. Nami Jasumati alipoondoka nilijiuliza hivyohivyo." Kisha, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni ampe mgeni, akasema kuna chombo kilichorushwa mwaka sabini na saba, bado kinakwenda. Kimevuka sayari zote, hakitarudi. Lakini bado kinaita.

"Kinaitikiwa?"

"Kinaitikiwa. Sauti inachukua karibu siku nzima kufika, lakini kinaitikiwa."

"Basi kimetushinda wewe na mimi."

Jatin alipiga honi. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda.

Nilipotoka pale nikapita sokoni nikanunua ungo. Mwuzaji akataka kuuweka kwenye gunia, nikakataa. Niliposhuka kwenye bodaboda mwanzo wa kijiji nikajitwika kichwani, mtupu, kila mtu auone, nikashika njia ya katikati. Jua lilikuwa bado liko juu. Wanaume waliokuwa wanacheza bao waliacha kete hewani. Mama mmoja akawavuta watoto ndani. Elina alikuwa anafagia uwanja wake. Akaniona, akaingia, nikasikia komeo.

Hakuna aliyeniamkia. Kwa hiyo nilianza kuitika mwenyewe. "Marahaba," nilisema mbele ya mlango wa Elina. "Marahaba," mbele ya kwa Damiani. Nikaitika kila nyumba, polepole, kwa sauti ya mtu mzima aliyeamkiwa vizuri, mpaka nikafika kwangu. Nikatandika mkeka mbele ya nyumba, si nyuma, mahali ambapo kila apitaye lazima anione, nikamimina uwele kwenye ungo mpya, nikaanza kupepeta.