Kyule na Njia ya Punda

Kyule alinunua punda wa kuuza maji mwezi wa Novemba 1997, wiki ile ile mvua ya El Nino ilipoanza kuimeza Kitengela. Kiwanda cha saruji alichokuwa akibebea magunia kilikuwa kimepunguza wafanyakazi, naye akaapa hataajiriwa tena na binadamu. Akaenda soko la mifugo Kiserian, akachagua punda jike wa kijivu, akamtembeza siku mbili mpaka nyumbani. Alipofika alikuta maji yameingia hadi chumbani. Mkewe, Ndanu, alikuwa amesimama juu ya kitanda na sufuria zote za nyumba miguuni pake.

"Baba Mbithi," Ndanu alimwuliza, "huyo ni wa nini?"

"Ni wa kuuza maji."

Ndanu akayatazama maji, akamtazama punda, kisha akateremka taratibu kwenda kutafuta kuni kavu. Hakusema neno. Kyule aliniambia kwamba kwa miaka yote ya ndoa yao, hakuna siku aliyowahi kugombezwa vikali kama siku ile.

Mtaa mzima ulimcheka. Lakini yeye alijibu kila mtu jambo moja tu: "Mvua huisha." Na kweli iliisha. Ulipokuja ukame miaka miwili baadaye, mifereji ikakauka na watu wakaanza kuamkia barazani kwake na mitungi mitupu, na hakuna aliyecheka tena. Punda alipewa jina la Sista, kwa sababu, alivyosema Kyule, alikuwa na sweta ya kijivu na hakuna mtu aliyewahi kumwona akikimbia.

Mimi nayajua haya kwa kuwa nilikuwa jirani yake katika Barabara ya Kisima. Naitwa Mwololo. Nilikuwa na kibanda cha kupiga chapa karibu na stendi, na kamati ya mtaa ilipoundwa nikafanywa katibu. Sikuchaguliwa kwa hekima yoyote. Ni mimi tu niliyekuwa na taipureta.

Kamati yenyewe ilizaliwa na lami. Kabla ya mwaka 2004 barabara yetu ilikuwa mashimo matupu, na gari lolote lililoingia lilikuja polepole kama mgeni asiyejua mlango. Tuliililia lami miaka saba. Ilipokuja tulishangilia, akina mama wakapiga vigelegele, na wiki hiyo hiyo magari yakaanza kukimbia. Pikapu moja iliyobeba vitunguu kutoka Loitokitok ilishindwa kukata kona, ikapitia meza ya Mumbi, yule mama wa mboga, ikabomoa ua wa kanisa na kusimama hatua tatu kutoka kwa mimbari, ibada ya Jumatano ikiendelea. Hakuna aliyeumia. Watu wanne waliokoka siku hiyo hiyo, lakini Mumbi alipoteza nyanya zake zote.

"Tunataka bampu," alisema Mumbi, yaani tuta la kupunguza mwendo wa magari, na sote tukaitikia. Nikaipigia kaunsili, baraza la madiwani, barua kwa taipureta. Nilipiga barua sita. Ya sita ndiyo iliyojibiwa, na mkutano ukaitwa Jumamosi moja ya mwaka 2005 katika ukumbi wa kanisa.

Waliokuja kutoka kaunsili walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa diwani wetu, mheshimiwa Tipape, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, ambaye hakuwahi kuukataa mradi wowote wala kuumaliza. Wa pili alikuwa mkaguzi wa barabara, Bi Nanjala, mwanamke kijana aliyevaa buti za mpira ingawa nje kulikuwa kukavu kabisa, na aliyeandika kila kitu kilichosemwa, hata salamu.

"Sopa!" diwani akatusalimu kwa Kimaasai.

"Ipa!" tukajibu, Wakamba kwa Wakikuyu, kama watu waliozaliwa Isinya.

Mwenyekiti wetu, Githongo, mwenye bucha, akaeleza shida. Nanjala akachora tuta ubaoni, tuta zuri lenye mgongo wa mviringo, kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine. Akauliza kama kuna anayepinga. Alikuwa ameshaanza kukunja karatasi zake wakati Kyule aliposimama kule nyuma.

Hakuna mtu aliyewahi kumwona Kyule akisimama mkutanoni. Akaivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi niko na shida na hiyo bampu," alisema.

"Shida gani, mzee?" akauliza Nanjala.

"Mkokoteni wangu hubeba mitungi kumi na miwili. Mingi haina vifuniko, naziba na magunzi ya mahindi. Nikipanda hicho kilima na kushuka, magunzi yatatoka. Nitafika kwa Mama Caro na maji ya kunawa uso."

Mama Caro ndiye Mumbi. Watu wakacheka. Githongo akapiga meza. "Kyule, keti! Barabara haiwezi kupangwa na punda!"

"Mzee Githongo," Kyule akasema kwa heshima, "ile supu yako ya asubuhi hupikwa na maji ya nani?"

Kicheko kikageuka upande. Githongo akakohoa. Nanjala akafungua kitabu chake kinene, akakipekua mbele na nyuma.

"Hapa kuna lori, basi, gari dogo, baiskeli na mtu wa miguu," alisema. "Punda hayuko."

"Basi niandike mimi, madam. Mimi ni mtu wa miguu. Punda hunifuata tu."

Nilimwona Nanjala akiuma kalamu asicheke. Akauliza anataka nini hasa. Kyule akaeleza kwamba hapingi tuta, watoto wote wa barabara ile ni wateja wake wa kesho. Alichoomba ni pengo upande mmoja, upana wa mkokoteni, Sista apite pale chini palipo sawa. Watu wakabishana saa nzima. Kuna aliyesema bodaboda watapita humo. Kuna aliyesema punda afundishwe kuruka. Mwishowe mheshimiwa Tipape, aliyekuwa na harambee ya kuhudhuria, akasimama na kutangaza kwamba serikali ya mashinani inamjali hata mnyama, na pengo litakuwepo. Tukapiga makofi.

Tuta likajengwa mwezi wa tano. Siku ya kwanza Kyule alipita pengoni na mitungi kumi na miwili iliyojaa pomoni, bila tone kumwagika. Alikuwa amevaa koti la kanisani.

Furaha hiyo ilidumu mpaka saa nane mchana.

Dereva wa kwanza aliyeliona pengo aliingiza gurudumu moja humo, gari likainama kidogo upande na kupita bila kupunguza mwendo. Wa pili akamwiga. Kufikia Ijumaa barabara nzima ilikuwa imehamia upande mmoja, kila gari likilenga pengo, na pengo lilikuwa upande wa meza ya Mumbi. Zamani magari yalikuwa yakimpita mbali. Sasa yalikuwa yakimpitia puani.

Mumbi akaja kwa Kyule akiwa na sukumawiki iliyokanyagwa mkononi. "Kyule, umeniletea magari mpaka kwa meza! Hii ni kazi ya punda wako!"

Mtaa ukamgeuka. Githongo alisema alikuwa ameonya. Watu watatu wakahama kununua maji kwa Kaveke, muuza maji mwingine ambaye punda wake aliuma watu. Kyule aliacha kula vizuri. Ndanu alinieleza kwamba alikuwa akimpa ugali na mboga, naye anaupanga ugali kama barabara, anaweka tuta katikati na kulitazama mpaka chakula kinapoa. Kila asubuhi alianza kwa Mumbi, akamjazia pipa bila kuulizwa chochote, na Mumbi akayapokea maji bila kumsalimu.

Kisha siku moja hakufanya kazi kabisa. Aliuweka mtungi mtupu kando ya tuta, akaukalia kutoka asubuhi hadi jioni akitazama magurudumu. Nilipopita nilimwuliza anahesabu nini.

"Sihesabu. Ninaangalia tumbo."

"Tumbo la nani?"

"La gari. Gurudumu likiwa pengoni, tumbo linapita juu ya mwisho wa bampu. Hapo tu, Katibu. Hapo pakiwa na jiwe la kufika gotini, gari halipiti. Mkokoteni unapita kando."

Akaenda kwa Githongo. Sijui walisemezana nini, lakini Githongo hakuwa mtu mbaya, na supu yake kweli ilihitaji maji. Jumapili, baada ya ibada, wazee hao wawili walionekana wakichimba barabarani na mashati yao meupe. Wakasimika mawe mawili ya machimbo, moja kila upande wa pengo, wakayashindilia kwa saruji. Sista akasimamishwa katikati awe kipimo.

Sikuwa na habari kwamba kaunsili ingehitaji kuombwa ruhusa. Githongo alikuwa na habari, lakini alisema barua yangu ya sita ilichukua mwaka mmoja, na Mumbi hana nyanya za mwaka mmoja.

Jumatatu madereva wote walipunguza mwendo na kupanda tuta kama walivyotakiwa. Jumanne asubuhi akaja mheshimiwa Tipape kwa gari lake jipya, akiwa kwenye simu. Alikuwa amezoea pengo kama wengine wote. Gurudumu likaingia, tumbo likapanda jiwe, na gari likakwama pale likining'inia, gurudumu moja la mbele likizunguka hewani. Mlio wake uliwatoa watu hata vyooni.

Diwani akashuka, simu bado sikioni. "Nani amepanda mawe kwa barabara ya serikali?"

Tulitazamana. Githongo alikumbuka ghafla kwamba ameacha nyama kwenye mizani. Kyule akafunga kamba ya Sista kwenye mlingoti, akasogea mbele.

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Unajua mimi naenda wapi? Unajua umefanya nini?"

"Pole sana, mheshimiwa. Lakini hii ni njia ya punda, wewe mwenyewe ulisema kwa mkutano. Nilidhani wenye magari hawataingia."

Mtu mmoja nyuma yangu alijaribu kukizuia kicheko, kikamtokea puani. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Mumbi alicheka mpaka akakalia sukumawiki zake. Diwani akatutazama mmoja mmoja, akatazama gurudumu lake lililokuwa bado linazunguka. Kwa bahati yetu, hakuwa na hulka ya kuvumilia watu wanaocheka bila yeye. Akaanza kutikisika tumbo, akacheka kuliko sisi sote, kisha akatuamuru tuliinue gari. Tulikuwa watu kumi na wanne. Kyule alibeba upande mzito.

Hata hivyo barua ilikuja. Kyule aliitwa afike ofisini Kajiado kueleza habari ya mawe. Ndanu alipiga koti lake pasi, akamfungia viazi vitamu kama mtu anayekwenda jela. Nilimsindikiza kwa sababu hakupenda kusoma karatasi peke yake. Tulingoja kwenye benchi mpaka saa sita, na aliyetoka ndani akiwa na faili alikuwa Nanjala, amevaa buti zile zile.

"Nimeenda kuyapima hayo mawe jana," alisema. "Nimekaa hapo kwa saa mbili nzima. Magari sitini na moja, na hakuna hata moja lililopita kwa kasi." Akamtazama Kyule. "Mzee, nani alikufundisha?"

"Nilikaa kwa mtungi, madam."

Akaandika jambo refu kwenye faili, akapiga muhuri. Alitusomea mstari wa mwisho: mawe yabaki, yapakwe rangi ya kuonekana. Kyule akamwomba ausome mara ya pili. Njiani kurudi, tulipopita Isinya, akafungua viazi vitamu na kuvila vyote, na hakunipa hata kimoja.

Rangi ikaleta sherehe. Mheshimiwa Tipape alikuja kuzindua, akahutubia kwamba tangu mwanzo wazo la mawe lilikuwa lake na alilijaribu kwa gari lake mwenyewe. Tulipiga makofi, maana kwa namna fulani ilikuwa kweli. Mawe yalikuwa yamepakwa milia myeusi na myeupe, yaking'aa. Kyule akaombwa apite na Sista, watu waone.

Sista akafika pengoni, akaiona milia, akasimama. Masikio yakalala nyuma. Kyule akamvuta, akambembeleza kwa Kikamba, akamnong'onezea mambo ambayo Ndanu baadaye alisema hajawahi kuambiwa yeye. Wapi! Sista akageuza mkokoteni, akapanda tuta katikati, juu kabisa, akateremka upande wa pili, na magunzi yote yakaruka moja baada ya jingine. Maji yakamwagika hadi kwenye viatu vya diwani. Nanjala, aliyesimama pembeni, ndiye peke yake aliyekuwa amevaa buti.

Kyule alivua kofia, akaitazama barabara iliyolowa.

"Atazoea," alisema.

Hakuzoea. Kesho yake, kabla ya safari ya kwanza, nilimwona Kyule amepiga magoti kando ya mawe na ndoo ya tope, akiifunika milia ya upande wa ndani, ule ambao Sista huuona. Upande wa nje aliuacha uking'aa kwa ajili ya madereva. Mvua ikinyesha tope linatoka, naye anapaka tena. Mumbi akitoka mapema humletea chai kwa kikombe cha bati, anasimama kumshikia ndoo, na husalimiana kama watu wa nyumba moja.